KIMYA KINGI KINA MSHINDO

Dominika ya 19 ya Mwaka A
Masomo: 1 Fal 19:9a, 11–13a; Rum 9:1–5; Mt 14:22–33



 

Leo Mama Kanisa anatupandisha mlimani mara mbili. Katika somo la kwanza tunapanda pamoja na Nabii Eliya mpaka Horebu, mlima wa Mungu, na kulala naye pangoni. Katika Injili Bwana wetu Yesu Kristo, baada ya kuwashibisha watu wengi jangwani, anawaaga makutano, anapanda mlimani peke yake kusali. Na huku nyuma wanafunzi wake wanahangaika ziwani usiku kucha, upepo ukiwa wa mbisho. Yatupasa kujiuliza: Mungu wetu yuko wapi katika mambo haya? Je, yuko katika kishindo, au katika kimya?

Tuanze na Eliya. Ndugu zangu, tusisahau kwamba mtu huyu alikuwa nabii wa moto. Muda si mrefu kabla ya kufika pangoni, juu ya Mlima Karmeli, aliomba mbele ya taifa zima, na moto ukashuka kutoka mbinguni ukateketeza sadaka, kuni, mawe na hata maji. Watu walianguka kifudifudi. Ungedhani kazi imekwisha. Lakini malkia Yezebeli hakuongoka kwa moto ule. Aliapa kumwua nabii. Eliya akakimbia, akaketi chini ya mti mmoja jangwani, akaomba afe. Malaika akamletea mkate na maji, naye akatembea siku arobaini hadi Horebu. Hapo ndipo ulipopita upepo wa kupasua miamba, na Bwana hakuwamo; kisha tetemeko la nchi, na Bwana hakuwamo; kisha moto, na Bwana hakuwamo. Mwishowe ikaja sauti ndogo, kama mnong'ono, na nabii akaufunika uso wake kwa vazi lake. Yule aliyemjua Mungu wa moto sasa anafundishwa kumjua Mungu wa kimya.

Somo hili lina mafundisho matatu kwetu.

La kwanza: Mungu hayumo katika maangamizi kama wengi wanavyosema.

Sisi watu wa nchi hizi tunaufahamu upepo, tunalifahamu tetemeko, tunaufahamu moto. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliifikia pwani yetu. Mito ikafurika, barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi ikakatika, na magari ya abiria yakakwama njiani. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka mkoani Kagera, nyumba zikabomoka, watu wakafa. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka kwa mvua, matope na mawe yakauvamia mji wa Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Na kwa jirani zetu wa Kongo, tarehe 17 Januari 2002, Mlima Nyiragongo ulitapika mto wa moto uliopita katikati ya mji wa Goma na kuiteketeza hata kanisa kuu la jimbo. Mlima huohuo ulilipuka tena tarehe 22 Mei 2021.

Kila mara yanapotokea mambo ya namna hii, husikika watu wakisema, "Mungu amewapiga kwa dhambi zao." Kwa maneno hayo mjane aliyefiwa na watoto wake anaongezewa mzigo juu ya mzigo. La hasha! Bwana wetu mwenyewe aliwataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu, naye akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Hanang haikumeguka kwa sababu watu wa Katesh ni wabaya kuliko watu wa Nachingwea. Wataalamu walieleza kwamba miamba laini ya mlima ule ilinyonya maji mengi ya mvua, ikalemewa, ikaporomoka. Ukitaka kujua Mungu alikuwa wapi siku ile, watazame waliochimba matope kwa mikono wakitafuta jirani zao. Huo ndio mnong'ono wenyewe.

La pili: kazi kubwa za Mungu hufanyika polepole, na mara nyingi bila kuonekana.

Hapa naomba niwasimulie safari moja. Mwezi kama huu wa Agosti, tulisafiri watu tisa kutoka parokiani kwetu hadi Tukuyu, wilaya ya Rungwe, kuhudhuria jubilei ya miaka 25 ya upadre ya mwenzangu tuliyesoma pamoja seminari kuu. Njia ni ndefu: Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Makambako, hadi Mbeya. Baada ya sherehe wenyeji wetu walitupa siku moja ya matembezi, asubuhi kupanda Ngozi, alasiri kuteremka kwenye maporomoko ya Kaporogwe.

Miongoni mwetu alikuwamo katekista wa kigango kimoja cha upande wa Ruangwa, aliyekwisha kufundisha dini kwa miaka 27. Ameniruhusu kuyasema haya bila kumtaja jina. Tulipokuwa ndani ya basi, tumekwisha kupita Tunduru, aliniambia kwa sauti ya chini, "Baba, tukirudi nyumbani nitakukabidhi funguo za kanisa." Nikamwuliza, "Kwa nini, Mwalimu?" Akaeleza. Dominika waliokuwa wakija kusali walibaki kumi na wawili. Vijana wote walikuwa wamekwenda kwenye hema lililosimamishwa karibu na soko, lenye jenereta na vipaza sauti, ambamo mhubiri mmoja aliyejiita nabii aliwaahidi watu kwamba atakayetoa fedha zake za korosho atazipata mara mbili kabla ya msimu ujao. "Na binti yangu mwenyewe, Baba," akasema, "ametoa fedha za msimu mzima. Watoto wake wamerudishwa shuleni hawana sare. Mimi nafundisha watu wa wengine, na wa kwangu wamenishinda." Sikumjibu kitu. Ipo huzuni ambayo haijibiwi ndani ya basi.

Ngozi ni mlima wa volkano wenye kimo cha mita 2,620. Zamani sana ulilipuka, kisha kilele chake kikadidimia na kuacha shimo lenye upana wa kilometa tatu hivi, na ndani ya shimo hilo limo ziwa. Jirani yake ni Mlima Rungwe, wenye mita 2,960, ambao wataalamu wanasema ulilipuka kwa nguvu kubwa miaka ipatayo 4,000 iliyopita. Uko pia Kyejo, ambao ulimwaga moto mara ya mwisho yapata miaka 200 tu iliyopita. Milima hiyo leo imetulia, bali haijafa.

Tulipanda kwa mguu ndani ya msitu mnene, miti imevikwa ukungu na kuvu za kijani, matone yakidondoka ingawa mvua haikunyesha. Tulipofika ukingoni hatukuona chochote. Ukungu ulikuwa umelijaza shimo lote kama maziwa ndani ya kibuyu. Vijana wakaanza kunung'unika kwamba wametoka kusini siku mbili kuja kutazama moshi. Mwenyeji wetu akatuambia tuketi, tungoje. Tuliketi karibu saa nzima, tukijikunyata kwa baridi. Halafu, bila upepo mkali, bila kelele yoyote, pazia likafunguka, na chini yetu sana likaonekana ziwa la kijani, limetulia kabisa. Hakuna aliyesema neno, hata wale vijana.

Katekista wetu aliinama akachota udongo. Ulikuwa mweusi, mlaini, wenye unyevu. Kwa mkulima aliyezoea mchanga wetu wa kusini, ule ulikuwa kama unga. Akauliza, "Huu umetoka wapi?" Mwenyeji akamweleza kwamba huu ndio ule moto. Jivu lililomwagwa na milima hii lilinyeshewa, likapasuliwa na mizizi, likageuzwa na minyoo na majani yaliyooza, miaka maelfu kwa maelfu, mpaka likawa udongo huu unaootesha ndizi, viazi, chai na maparachichi. Mlipuko wenyewe ulikuwa wa siku chache, nao uliua kila kilichokuwa karibu. Kilichofanya Rungwe iwe ghala la chakula ni kazi iliyofuata, ambayo hakuna aliyeisikia.

Alasiri tulikwenda Kaporogwe, kusini mwa Tukuyu. Huko maji yanaanguka kutoka kwenye mwamba, kimo cha mita 40 hivi, na kishindo chake chasikika kabla hujayaona. Watu wengi hupiga picha na kuondoka. Lakini ndugu zangu, maji yale hayakuzaliwa pale yanapopiga kelele. Wilaya ile hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya ile tunayopata Nachingwea. Na mvua hiyo huhifadhiwa na misitu ya juu, tone kwa tone, katika kuvu na mizizi, ili mito iendelee kutiririka hata mwezi Agosti, wakati mabonde yetu huku yamekwisha kukauka. Ukiukata msitu wa juu kimyakimya, siku moja maporomoko ya chini yatanyamaza. Wahenga walinena kweli: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nasi wa Nachingwea tunao ushahidi wetu wenyewe. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Yaliletwa matrekta, ikajengwa bandari Mtwara, ikatandikwa reli mpaka Nachingwea. Wazee wetu walisimulia ngurumo za mashine zile zikikwangua msitu. Zilitumika pauni zaidi ya milioni 30, na mapema mwaka 1951 serikali ileile ikatangaza kuuacha mradi. Walioanzisha hawakuupima vizuri udongo, hawakuisoma mvua, wala hawakumwuliza mwenye jembe. Reli haipo tena. Lakini bibi zetu waliendelea kupanda karanga zao kando ya mtama na mihogo, kila masika, na hadi leo karanga hazijakosekana katika chungu cha mboga. Kishindo kilipita, jembe likabaki.

Vivyo hivyo katika imani. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, misioni za Lukuledi na Nyangao zilichomwa moto, na Askofu Cassian Spiss aliuawa katika nchi ya Liwale, mwezi huu wa Agosti, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Wananchi pia walikufa kwa maelfu, kwa risasi na kwa njaa iliyofuata. Aliyepita wakati ule angesema Kanisa la kusini limekwisha. Lakini mwaka 1906 misioni ilianzishwa Ndanda, na makatekista wakaendelea kwenda kijiji hadi kijiji kwa miguu, wakifundisha Baba Yetu chini ya miembe. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Sisi ni mavuno yao.

La tatu: Mungu hamwachi mtumishi wake pangoni.

Nyuma ya pazia la maji ya Kaporogwe pana pango. Katekista wetu aliingia humo, akaketi peke yake muda mrefu. Alipotoka nguo zake zilikuwa zimelowa. Nikamwuliza, "Mwalimu, umesikia nini?" Akajibu, "Sikusikia kitu, Baba. Maji yanapiga kelele mno. Lakini nilikuwa nawahesabu wale niliowabatiza wakiwa katika hatari ya kufa. Nilifika 41, nikapoteza hesabu." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Wengine walipona. Mmoja ni mwenyekiti wa kitongoji."

Eliya naye alimlalamikia Mungu kwamba amebaki yeye peke yake. Ukiendelea kusoma sura hiyohiyo, baada ya sehemu tuliyosomewa leo, utaona jibu: walikuwapo watu 7,000 katika Israeli ambao hawakumpigia Baali magoti, naye nabii hakuwajua hata mmoja. Mungu hakumpa Eliya moto mwingine. Alimrudisha kwa njia ileile aliyojia, akampa kazi ya kufanya, na akampa Elisha wa kumsaidia.

Tazameni pia Injili. Wakati mitume walipodhani wameachwa, Bwana alikuwa mlimani akisali. Aliwajia katika zamu ya nne ya usiku, yaani karibu na mapambazuko, walipokuwa wamechoka kabisa. Petro alitembea juu ya maji maadamu alimtazama Yesu. Alipoutazama upepo, akaanza kuzama. Sala aliyoisali wakati ule ilikuwa fupi kuliko sala zote tunazozifahamu, nayo ilitosha. Zingatieni jambo hili: Bwana alimshika mkono upepo ungali ukivuma. Ulitulia baadaye, walipokwisha kupanda chomboni. Anayekuahidi kwamba upepo utakoma kwanza, tena kwa malipo, huyo hakutumwa na Kristo.

Lakini tusikosee. Kimya cha Mungu si kimya cha woga. Kuwanyamazia wanaowanyang'anya maskini fedha za korosho kwa jina la Yesu si unyenyekevu. Ni kuwaacha kondoo kwa mbwamwitu. Eliya alipoisikia sauti ile ndogo hakwenda kulala. Alikwenda kukabiliana na wafalme.

Mtapenda kujua mwisho wa katekista wetu. Funguo hakunikabidhi. Dominika ile tuliyorudi alikwenda kufungua kanisa, akawakuta waamini kumi na mmoja. Fedha za binti yake hazikurudi, na lile hema lilihamishiwa wilaya nyingine. Miezi kadhaa baadaye binti yule alikuja kusali, akaketi benchi la nyuma karibu na mlango. Baba yake alimwona, akaendelea kuongoza ibada, wala hakumwuliza neno hata walipofika nyumbani. Mama mtu alimtengea chakula. Wapendwa, mkiniuliza sauti nyororo ya Horebu ilikuwaje, nadhani ilifanana na sahani ile ya ugali.

Basi, ndugu zangu, tufanye nini wiki hii? Nawaombeni mambo matatu.

Kwanza, katika Jumuiya Ndogo Ndogo, mkisha kusoma Injili, mkae kimya dakika tano kabla mtu yeyote hajasema. Zitaonekana ndefu. Vumilieni kama tulivyovumilia ukungu wa Ngozi.

Pili, kila kigango kiende kutazama chanzo cha maji yake, iwe ni kisima, chemchemi au bonde la mto. Tazameni ni miti gani imebaki. Akina mama wanaoamka usiku wa manane kupanga ndoo wanajua gharama ya mti uliokatwa kwa ajili ya gunia la mkaa. Msichome moto mabonde wakati huu wa kiangazi, na mwandae miche ya kupanda mvua zitakapoanza.

Tatu, mtembeleeni katekista wenu. Msiende kumwomba kitu. Nendeni kumwuliza anaishije. Mwenye nguvu na achukue jembe, akamlimie siku moja. Malaika hakumhutubia Eliya chini ya ule mti; alimpa mkate na maji, akamwambia ale, kwa maana safari ilikuwa bado ndefu.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyempitia Eliya kwa sauti ya upole, utujalie masikio ya kukusikia katikati ya kelele za dunia hii. Uwafariji waliofiwa kwa tufani, kwa tetemeko, kwa moto na kwa matope. Uwashike mkono makatekista wako waliochoka. Ulinde vyanzo vya maji yetu, na uwarudishe nyumbani wote waliodanganywa. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.